Mlango Wenye Alama ya Mionzi: Vijana wa Vyuoni Wanavyoitazama Kazi ya Mteknolojia wa Mionzi

Vijana wengi huchagua kazi ya afya kwa sababu wamewahi kuiona ikitendeka. Muuguzi wamemwona akiwachanja wadogo zao. Tabibu wamekaa mbele yake wakitetemeka kwa homa. Hata mtu wa maabara wanamfahamu, maana ndiye aliyewachoma kidole akitafuta vimelea vya malaria. Lakini mteknolojia wa mionzi, yule anayepiga picha za eksirei, anayeendesha mashine ya CT na kuhudumu katika vyumba vya tiba ya saratani, kijana aliyekulia Nyantakara anaweza kumaliza kidato cha sita pasipo kumtia machoni hata mara moja.

Nyantakara ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, katika upande wa nchi unaopakana na Ngara, wilaya ambayo nayo inapakana na Rwanda na Burundi. Katika mfumo wetu wa afya, zahanati haina chumba cha eksirei. Kipimo hicho hupatikana hospitali ya wilaya, na siku hizi katika baadhi ya vituo vya afya. Mgonjwa akihitaji uchunguzi wa ndani zaidi, hupewa rufaa kwenda Bukoba, Chato au Mwanza. Safari ya Mwanza imekuwa nyepesi kidogo tangu Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa na kuwaondolea wasafiri adha ya kungoja kivuko. Hata hivyo, gari la wagonjwa likivuka ziwa kwa dakika chache, bado lazima mwisho wa safari awepo mtu anayejua kuiendesha mashine.

Mtu huyo atatoka wapi? Atatoka miongoni mwa wanafunzi walio vyuoni leo na walio sekondari leo. Kwa hiyo yale wanayoyawaza kuhusu taaluma hii si mambo yao peke yao. Yanamhusu pia mgonjwa ambaye bado hajavunjika mguu. Yanayofuata hapa si matokeo ya utafiti wenye takwimu. Ni maswali na kauli ambazo walimu wa vyuo vya afya huzisikia kila mwaka wa masomo unapoanza, na ambazo wahudumu wa vijijini huulizwa na wazazi wanapotafuta ushauri.

Tuanze na jina. Watu wengi humwita mteknolojia wa mionzi "mpiga picha", na wengine humwita "daktari wa eksirei". Yote mawili hayamstahili. Daktari bingwa wa radiolojia ni daktari aliyesomea udaktari kisha akabobea katika kusoma picha na kutoa majibu yake. Mteknolojia wa mionzi ndiye anayeizalisha picha yenyewe: humweka mgonjwa mkao unaofaa, hupima kiasi cha mionzi, humlinda, hukagua kama picha ina sifa za kusomeka. Katika hospitali nyingi za wilaya daktari bingwa wa radiolojia hayupo, na mteknolojia hujikuta yeye ndiye mtu pekee katika jengo zima aliyesomea picha kwa miaka mitatu. Wanafunzi wanaoingia chuoni mara nyingi hawajui tofauti hii. Wapo wanaodhani wamejiunga na njia ya mkato ya kuwa madaktari, na wapo wanaodhani wamekuja kujifunza kubonyeza kitufe.

Wengi wao, kusema kweli, hawakuja kwa kupenda. Fomu ya maombi ilipojazwa, udaktari ulitangulia, famasia ikafuata, maabara ikaja ya tatu, na radiolojia ikaandikwa palipobaki nafasi. Sioni aibu katika hilo. Wateknolojia wengi hodari walifika kwa mlango huo huo wa nyuma, wakaipenda kazi baada ya kuijua. Linalonisikitisha ni kwamba kuna vijana ambao wangeiandika ya kwanza laiti wangejua ipo. Kijana anayependa fizikia, anayependa mashine, na wakati huo huo anataka kushughulika na watu badala ya kukaa karakana, kazi yake ni hii hasa. Lakini hakuna aliyemwambia, na yeye hakuwa na mahali pa kuiona.

Kauli ya kitufe inahitaji kujibiwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayoivunjia taaluma hii heshima zaidi, hata miongoni mwa wahudumu wenzetu wa afya.

Chukua picha ya kifua, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote. Mgonjwa anayeweza kusimama husimamishwa kifua chake kikiwa kimegusa kipokezi cha picha, na mionzi humwingia kutokea mgongoni. Mashine huwekwa umbali wa kama sentimita 180. Sababu ni kwamba moyo uko karibu zaidi na kifua kuliko mgongo; ukiwa karibu na kipokezi, na mashine ikiwa mbali, kivuli chake hakikuzwi. Mgonjwa yule yule akipigwa amelala chali, mionzi ikitokea mbele na kwa umbali mfupi, moyo wake utaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na mtu mzima wa afya anaweza kuanzishiwa dawa za ugonjwa asionao. Mabega husukumwa mbele ili mifupa bapa ya mabega isifunike mapafu. Kisha mgonjwa huambiwa avute pumzi hadi mwisho na aishikilie. Akivuta nusu, sehemu za chini za mapafu huonekana na ukungu unaofanana sana na nimonia. Akijipinda kidogo, koo la hewa huonekana kama limesukumwa na kitu.

Kuna mambo madogo zaidi ya hayo. Misuko ya nywele inayoangukia shingoni huweza kutoa kivuli kwenye ncha ya pafu, mahali penyewe ambapo kifua kikuu hupenda kujificha. Kifungo cha shati huweza kufanana na risasi au sarafu iliyomezwa. Herufi ndogo inayoonyesha upande wa kulia au wa kushoto ikikosewa, bomba la kutoa hewa kifuani linaweza kuingizwa upande uliokuwa mzima. Na kabla ya yote hayo, mteknolojia amekwisha kuchagua volteji na muda wa mionzi kwa kulinganisha unene wa mwili ulio mbele yake, kwa kuwa kiasi kinachomfaa mchimba madini mwenye misuli hakimfai mtoto wa miezi minane.

Nimemtaja mchimba madini kwa sababu yuko Biharamulo. Wilaya hiyo ina dhahabu. Mgodi uliojulikana kwa jina la Tulawaka, na baadaye ukaendeshwa na kampuni ya umma ya STAMIGOLD, uko huko, na kanda nzima ina wachimbaji wadogo. Vumbi la mawe huharibu mapafu polepole na humfungulia njia kifua kikuu. Kwa mtu wa namna hiyo, picha safi ya kifua inaweza kuamua kama atatibiwa mapema au ataendelea kukohoa ndani ya chumba anacholala na watoto wake.

Sasa rudi kwenye ile amri ya kuvuta pumzi. Bibi wa Nyantakara aliyezoea kuzungumza Kisubi, au jirani yake wa Ngara anayezungumza Kihangaza, anasimama mbele ya mashine asiyoijua, katika chumba chenye giza kidogo, na sauti kutoka nyuma ya ukuta inamwamuru kwa Kiswahili cha haraka: vuta pumzi, shikilia. Mara nyingi hugeuka kuangalia sauti inatoka wapi, kisha hujibu, na kujibu ni kutoa pumzi. Picha inaharibika, inarudiwa, na kila kurudia ni mionzi ya ziada. Mteknolojia aliyezaliwa kata hiyo angemweleza mapema kwa lugha ya nyumbani, angemwonyesha kwa kifua chake mwenyewe, angesubiri. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2010 iliyohuishwa mwaka 2021, linapendekeza vyuo vipokee wanafunzi wenye asili ya vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurejea kufanya kazi vijijini. Pendekezo hilo linazungumzia kubakiza watumishi. Mimi ningeongeza kwamba linahusu pia ubora wa picha.

Hofu ya mionzi

Hakuna jambo linalowakimbiza vijana kama hofu ya mionzi. Inasemwa kwamba wanaofanya kazi hiyo hawazai, kwamba wanaume hupungukiwa nguvu, kwamba saratani huwapata wote mwishowe. Wazazi huyasema haya kwa mapenzi, na si haki kuwacheka, kwa kuwa hofu hii ina historia ya kweli.

Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua mionzi hii huko Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amepiga picha ya mifupa ya mkono wa mkewe. Ulimwengu ulishangilia kiasi cha kusahau tahadhari. Waganga na wasaidizi wao walijaribu mashine kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele yake, siku baada ya siku. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikatwa mikono na kufariki mwaka 1904. Mjini Hamburg ulisimamishwa mnara mwaka 1936 wenye majina 169 ya waliokufa kwa kazi ya eksirei na radiamu, na majina mengine yakaongezwa baadaye. Mzazi anayesema kazi hii iliua watu hakukosea. Amechelewa tu miongo kadhaa.

Kilichobadilika ni ujuzi, sheria na vifaa. Nchini Marekani, wateknolojia wa mionzi wapatao 146,000 wamefuatiliwa katika utafiti ulioanza mwaka 1982, na dalili za madhara ya saratani zilionekana zaidi kwa walioanza kazi katika miongo ya mwanzo, kabla ya mwaka 1950, wakati kinga ilikuwa hafifu. Leo kipimo cha juu kinachokubalika kimataifa kwa mtumishi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, na wengi wanaofanya kazi za kawaida za eksirei hupata chini ya milisiverti 2. Sayari yenyewe, kwa miamba yake, hewa yake na mionzi itokayo angani, humpa kila binadamu wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka, awe amefanya kazi hospitalini au shambani. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa karibu milisiverti 0.1 au chini yake. Uchunguzi wa tumbo kwa CT ni jambo jingine, kwa kuwa hufikia milisiverti 8 au zaidi. Ndiyo maana hauombwi ovyo, na ndiyo maana mwendeshaji wake anapaswa kuwa mtu aliyesoma.

Kuhusu kutozaa, ukweli ni huu: korodani zikipigwa kwa mkupuo mmoja na kiasi cha takribani miligrei 150, uzalishaji wa mbegu unaweza kusimama kwa muda, na utasa wa kudumu huhitaji kiasi kikubwa zaidi ya hapo mara nyingi. Kwa mionzi ya eksirei miligrei moja ni sawa na milisiverti moja, basi msomaji na alinganishe mwenyewe na hizo milisiverti 2 zinazotawanyika katika mwaka mzima. Mteknolojia husimama nyuma ya ukuta uliokingwa. Anapolazimika kuwa chumbani, huvaa aproni yenye risasi na hujitenga na chanzo, kwa kuwa ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia hupungua hadi robo. Mashine ikizimwa, mionzi haipo tena chumbani, kama vile mwanga haubaki chumbani taa ikizimwa. Altrasaundi na MRI hazitumii kabisa mionzi ya aina hii, jambo ambalo hata baadhi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulisikia kwa mshangao.

Wasichana huongezewa hofu ya ujauzito. Mtumishi mjamzito akishatoa taarifa, hupangiwa kazi kwa namna ambayo mtoto aliye tumboni hatapata zaidi ya milisiverti 1 kwa muda wote uliosalia. Hilo huwezekana bila kumfukuza kazini wala kumficha. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Marie Curie aliwafunza wanawake wapatao 150 kuendesha mashine za eksirei karibu na uwanja wa vita, na katika ule utafiti wa Marekani takribani robo tatu ya wateknolojia walikuwa wanawake. Dhana kwamba hii ni kazi ya wanaume haina msingi katika historia ya taaluma yenyewe.

Haitoshi, hata hivyo, kumwambia kijana "usiogope". Usalama huo wote unategemea sheria kufuatwa. Hapa nchini Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya mwaka 2003, ndiyo yenye jukumu la kutoa leseni kwa vyumba vya mionzi, kukagua mashine, na kusoma vipimamionzi ambavyo watumishi huvaa kifuani. Kipimamionzi kikiachwa kwenye droo hakimpimi mtu. Aproni iliyokunjwa ikapasuka ndani haimkingi mtu. Mwanafunzi anayefika kituo cha mafunzo kwa vitendo na kukuta mkuu wake anapuuza mambo hayo hujifunza kupuuza, au hujifunza kuogopa, na yote mawili ni hasara kwetu.

Ajabu ni kwamba hatari ambazo zimo kweli katika kazi hii hazitajwi na vijana. Mteknolojia humshika karibu kila mgonjwa apitaye mikononi mwake, humwinua, humgeuza. Maumivu ya mgongo yamewatesa wengi wa taaluma hii kuliko mionzi. Na maambukizi je? Tarehe 20 Januari 2025 Tanzania ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg, na mahali penyewe palikuwa Wilaya ya Biharamulo. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Meza ya eksirei ni mahali ambapo mgonjwa mmoja hulala baada ya mwingine. Kuisafisha ipasavyo kati yao ni sehemu ya taaluma, sawa na kuchagua volteji.

Je, kompyuta itachukua kazi hii?

Swali hili halikuwapo zamani, na sasa huulizwa na wanafunzi werevu zaidi. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili bandia ya leo, alisema kwamba watu waache kufundisha madaktari wa radiolojia kwa kuwa kompyuta ingewazidi kwa muda mfupi. Miaka imepita, na madaktari hao bado wanatafutwa. Zaidi ya hapo, alikuwa akizungumzia wasomaji wa picha, wala si wanaozizalisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zitumike kusoma picha za kifua katika kutafuta kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Nionavyo, jambo hilo linampa mteknolojia wa wilayani nguvu zaidi. Mahali pasipo na daktari bingwa, programu husoma kile tu alicholetewa. Ikiletewa kifua kilichopindwa chenye pumzi nusu, itatoa jibu lililopindwa. Na hakuna programu itakayomwinua mzee aliyevunjika nyonga na kumlaza juu ya meza bila kumwongezea maumivu.

Kuhusu ajira ni lazima tuseme bila kupamba. Wahitimu hungoja vibali vya serikali, wengine kwa miaka. Hospitali binafsi huajiri, ila mishahara yao haifanani. Mhitimu wa famasia anaweza kuota kufungua duka la dawa. Mhitimu wa radiolojia hawezi kuota kwa urahisi kununua mashine ya eksirei, kujenga chumba chenye kinga na kukikatia leseni. Mashine huharibika pia, na mteknolojia aliyesoma miaka mitatu huweza kukaa wiki nyingi akiandika rufaa kwa sababu kipuri hakijafika. Malalamiko hayo ni ya haki, na kijana anayeyataja hajatawaliwa na ujinga.

Upande wa pili wa mizani upo. Fedha za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 zilizotolewa mwaka 2021 kukabiliana na athari za Uviko-19 zilinunua, pamoja na mambo mengine, mashine za CT, MRI na eksirei za kidijitali kwa hospitali za umma. Mashine hununuliwa kwa mwaka mmoja wa fedha. Mtu wa kuiendesha kwa ustadi huhitaji miaka mitatu ya stashahada, na mahitaji ya watu wa namna hiyo hayatapungua kadiri vyumba vinavyoongezeka. Ngazi nayo ni ndefu kuliko vijana wanavyodhani. Mwenye stashahada anaweza kuendelea na shahada, katika vyuo kama Muhimbili jijini Dar es Salaam au CUHAS Bugando jijini Mwanza, kisha akajielekeza kwenye CT, MRI, picha za matiti, tiba ya saratani kwa mionzi, usimamizi wa usalama wa mionzi, au ualimu. Taaluma ina baraza lake la kusajili na kusimamia wanataaluma, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hii, na hilo ni ulinzi kwa mgonjwa na kwa hadhi ya aliyesoma.

Mlango unapofungwa mapema

Kwa kijana wa Nyantakara, uamuzi hasa haufanyiki chuoni. Kwa desturi ya shule zetu, kidato cha tatu ndipo mwanafunzi huamua kuendelea na fizikia na kemia au kuziacha. Kozi ya stashahada ya radiolojia huhitaji ufaulu wa kidato cha nne katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwamo fizikia, kemia na biolojia. Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nafasi. Binti wa miaka 16 aliyeiacha fizikia kwa sababu shule haikuwa na mwalimu, au kwa sababu aliambiwa ni somo la wavulana, ameufunga mlango ambao hakujua kwamba upo. Udaktari anajua ameukosa. Hili hajui hata kwamba amelikosa.

Hapo ndipo wahudumu wa afya wa Biharamulo na Ngara wana uwezo ambao chuo kikuu hakina. Tarehe 8 Novemba kila mwaka huadhimishwa duniani kuwa siku ya wateknolojia wa mionzi, kwa kumbukumbu ya ugunduzi wa Röntgen. Hospitali ya wilaya ikiwaalika wanafunzi ishirini wa kidato cha pili siku hiyo, mashine ikiwa imezimwa, wakauona ukuta uliokingwa, wakaibeba aproni na kuuhisi uzito wake, wakatazama picha ya mfupa uliovunjika kwa pikipiki na ile iliyopigwa baada ya kupona, gharama yake ni asubuhi moja. Mganga wa zahanati anayemwandikia mgonjwa rufaa ya eksirei anaweza kumwambia kijana aliyemsindikiza ni nani atakayempokea huko na amesomea nini. Hayo ni maneno ya dakika mbili.

Wagonjwa nao wana sehemu yao. Uliza kwa nini picha inahitajika. Sema mapema kama una mimba au unaihisi. Njoo na picha za zamani, maana huenda zikakuepusha na mpya. Ukimwita mteknolojia kwa jina la kazi yake na kumwuliza swali, utamlazimu kulijibu, na mtoto uliyemshika mkono atasikia.

Kwa aliyekwisha kuamua kuomba chuo, kuna mambo ya kukagua kabla ya kulipa ada. Chuo kiwe kimesajiliwa na NACTVET kwa kozi hiyo hasa, kwa kuwa usajili wa kozi nyingine za afya hautoshi. Uliza wanafunzi hufanyia mazoezi hospitali gani, na kama mashine za hapo zinafanya kazi. Uliza kuhusu mkopo: tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikiwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo baadhi za afya, na mwongozo wa kila mwaka hutaja kozi zinazohusika. Mwisho, uliza kama mwanafunzi hupewa kipimamionzi chake mwenyewe tangu siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo. Viwango vya kimataifa vimemwekea mwanafunzi mwenye umri wa miaka 16 hadi 18 ukomo wa milisiverti 6 kwa mwaka, chini ya theluthi ya ule wa mtumishi, na chuo kisichoweza kukuonyesha namna kinavyoupima ukomo huo, tafuta kingine.